Fundi Bila Jukwaa: Ella Baker na Urithi Wake katika Harakati za Kupinga Ubaguzi wa Rangi Marekani

Utangulizi

Mnamo mwaka 1981 mtengenezaji filamu wa Kimarekani, Joanne Grant, alitoa filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya bibi mmoja aliyekuwa akiishi Harlem, mjini New York. Bibi huyo, Ella Josephine Baker, alikuwa ametumia takriban nusu karne katika harakati za kupigania haki za Wamarekani Weusi, lakini jina lake halikujulikana na wengi waliolijua vyema jina la Martin Luther King. Filamu hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Fundi.

Kwa mtazamaji wa Marekani neno hilo lilikuwa geni, nalo lilihitaji kufafanuliwa. Kwa msemaji wa Kiswahili ugeni uko mahali pengine. Fundi ni yule anayeitwa paa linapovuja au cherehani inapokwama. Ni mtu wa randa na timazi, anayejulikana kwa kazi ya mikono yake na kulipwa kwa kazi hiyo. Ni nadra neno hili kutumiwa kumtukuza mtu aliyepambana na serikali. Wa aina hiyo huitwa shujaa, jemadari, simba au mkombozi. Kwa nini basi wanafunzi na marafiki wa Baker waliyapita majina haya yote na kuchagua lile la mtu wa karakana?

Makala haya yanalichukua swali hilo kama mlango wa kuingilia historia. Hoja yake ni kwamba jina la fundi linaieleza kazi ya Baker kwa usahihi kuliko jina la kiongozi, na kwamba likichukuliwa kwa uzito wake kamili katika Kiswahili, linatupa kipimo cha urithi alioacha. Harakati za kupinga ubaguzi wa rangi zilizozuka Marekani katika karne ya ishirini na moja zimemtaja Baker kama mama yao wa kifikra. Zimerithi kwake, bila shaka, ile shaka juu ya kiongozi mmoja anayesimama mbele ya umma. Lakini fundi hajulikani kwa kukataa jukwaa peke yake. Hujulikana pia kwa wanagenzi aliowalea na kwa kazi inayosimama baada yake. Sehemu hii ya pili ya urithi ndiyo iliyo ngumu zaidi kuipokea.

Safari ya neno

Watumwa waliovushwa Atlantiki kwenda Marekani ya Kaskazini walitoka kwa wingi katika pwani ya Magharibi na ya Kati ya Afrika. Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu zao. Kilifika kwa Wamarekani Weusi karne ya ishirini kama lugha ya Afrika iliyokuwa ikijikomboa, na neno lililotangulia mengine lilikuwa uhuru. Mnamo Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Oginga Odinga alizuru mji wa Atlanta. Vijana wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi ambayo Baker alisaidia kuiunda, walikwenda kumwamkia hotelini. Walipotoka hapo waliingia katika mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao, na baadhi yao wakakamatwa. Mwimbaji wao, Matthew Jones, alitunga wimbo juu ya ziara hiyo, na jina la Odinga likaimbwa katika mikutano ya Kusini mwa Marekani.

Miaka mitatu baadaye, 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kanuni zake saba zenye majina ya Kiswahili. Baada ya hapo baadhi ya wanaharakati walikuja wenyewe kuishi Afrika Mashariki. Aliyefahamika zaidi miongoni mwao ni Robert Moses, aliyewahi kuongoza kazi ya SNCC katika jimbo la Mississippi. Aliishi Tanzania kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 akifundisha hisabati huko Same. Kiswahili cha watu kama hawa hakikuwa tena cha kaulimbiu na sikukuu. Kilikuwa cha sokoni, cha darasani na cha karakana, na katika Kiswahili cha namna hiyo fundi ni mtu wa kila siku.

Ufafanuzi walioupa neno hilo Wamarekani ni kwamba fundi ni mtu aliyebobea katika kazi fulani kwa msaada wa jamii yake, naye huwafundisha wengine bila kujali kama ana cheo au hana. Mtu anaweza kusema kuwa ufafanuzi huu umelipamba neno. Mafundi wetu si wote wanaofundisha kwa hiari, na wapo wanaoficha siri ya kazi. Hata hivyo, neno fundi huhusishwa na kitenzi funda, kilichozaa funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi, na katika unyago kufunda ni kumtoa mwali katika utoto na kumwingiza katika utu uzima. Wageni hao walirudisha mbele maana ambayo wenyeji wameizoea kiasi cha kutoisikia tena.

Kuna jambo jingine ndani ya neno hili ambalo ufafanuzi wa Kimarekani haukuligusa. Fundi hupimwa kwa kazi. Milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar husifiwa pamoja na nyumba za waliozimiliki, ilhali majina ya wengi walioichonga hayajulikani. Mlango ukipinda, maneno mazuri hayatamwokoa aliyeuchonga, na ukikaa sawa, hana haja ya kueleza. Msimamo wa Baker kuhusu siasa ulikuwa karibu sana na huu.

Malezi na uanagenzi

Baker alizaliwa tarehe 13 Desemba 1903 mjini Norfolk, Virginia, na kukulia Littleton, North Carolina. Bibi yake mzaa mama alizaliwa utumwani. Ilisimuliwa katika familia kwamba alikataa kuolewa na mwanamume aliyechaguliwa na bwana wake, akapigwa mijeledi na kupelekwa kulima shambani. Babu yake, baada ya utumwa kukomeshwa, alinunua sehemu ya ardhi ya shamba lile lile alilotumikishwa. Familia hiyo iligawana mazao na majirani na kusaidiana nao nyakati za dhiki. Simulizi za bibi zilikuwa shule ya kwanza ya Baker, na kutokana nazo alijifunza kwamba mtu asiye na cheo chochote anaweza kukataa.

Alihitimu Chuo cha Shaw huko Raleigh mwaka 1927 akiwa wa kwanza katika darasa lake, akahamia New York. Mdororo mkuu wa uchumi ulimkuta Harlem. Huko alifanya kazi katika umoja wa vyama vya ushirika vya vijana weusi ulioanzishwa mwaka 1930, akiwaonyesha watu wenye senti chache jinsi ya kununua kwa pamoja, kuweka hesabu na kuendesha mikutano. Mwaka 1935 aliandika pamoja na Marvel Cooke makala katika jarida la The Crisis kuhusu wanawake weusi waliosimama kwenye pembe za mitaa ya Bronx wakingoja kukodishwa kwa saa, kwa ujira mdogo mno, kufanya kazi za nyumbani. Wachunguzi hao wawili waliliita eneo hilo soko la watumwa. Mbinu iliyoonekana hapo ilikaa naye maisha yote. Alianza na hali ya mtu wa chini kabisa, akaiangalia kwa karibu, kisha akauliza ni mpango gani unaomweka mtu huyo pale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliajiriwa na NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, na mwaka 1943 akawa mkurugenzi wa matawi. Alisafiri majimbo ya Kusini miezi mingi kila mwaka, katika mabehewa yaliyotengwa kwa rangi, akilala katika nyumba za wanachama. Alizungumza makanisani, vinyozini na hata vilabuni, na kila mahali aliuliza kwanza ni jambo gani linalowasumbua watu wa hapo. Wanachama wa NAACP walikuwa takriban 50,000 mwaka 1940. Kufikia mwaka 1946 walikaribia 450,000. Ongezeko hilo lilikuwa na sababu nyingi, vita vikuu vikiwa mojawapo, lakini haliwezi kuelezwa bila kazi ya watu waliokwenda vijijini kama yeye.

Katika kipindi hicho alianzisha makongamano ya kuwafunza viongozi wa matawi. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwepo katibu wa tawi la Montgomery, mshona nguo aliyeitwa Rosa Parks. Historia ya shujaa humwanza Bi. Parks ndani ya basi mnamo Desemba 1955, kana kwamba alichoka siku moja akaketi. Historia ya fundi humwanza muongo mmoja nyuma, katika chumba cha mafunzo, akiandika maelezo. Ujasiri wake haupungui kwa kuelezwa hivyo. Unapata asili.

Baker aliacha kazi hiyo mwaka 1946 akilalamika kwamba makao makuu yalihesabu wanachama na ada zao bila kuwapa nafasi ya kuamua. Lalamiko hilo lingerudi tena na tena, na kama itakavyoonekana, lingerudi hata baada ya kifo chake.

Wachungaji na wanafunzi

Mgomo wa mabasi wa Montgomery ulipofanikiwa, wachungaji weusi wa Kusini waliunda SCLC mwaka 1957 chini ya uenyekiti wa King. Baker alikuwa miongoni mwa waliolichochea wazo la jumuiya hiyo akiwa New York pamoja na Bayard Rustin na Stanley Levison. Ndiye aliyepelekwa Atlanta mwanzoni mwa 1958 kufungua ofisi na kuendesha kampeni ya kuandikisha wapiga kura. Aliifanya kazi ya mkurugenzi, lakini ukurugenzi wa kudumu haukuwa wake. Alipewa mchungaji mmoja, na baadaye mchungaji mwingine. Baker mwenyewe alieleza katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba alijua mapema kuwa mwanamke asiye mchungaji asingepewa nafasi ya uongozi katika kundi lile.

Tofauti yake na King isifanywe kuwa ugomvi wa watu wawili. Ilikuwa tofauti ya nadharia. Jumuiya ya wachungaji ilijengwa juu ya imani kwamba sauti moja yenye mvuto inaweza kuamsha taifa, na katika mambo mengi ilithibitika kuwa kweli. Baker aliona gharama yake. Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye aliona jinsi sifa za magazeti zinavyoweza kumbadilisha msemaji. Zaidi ya msemaji, alimhofia msikilizaji, yule anayezoea kuokolewa. Watu wenye nguvu zao wenyewe, aliamini, hawana haja ya kiongozi mwenye nguvu, na kila mara umma unapomngoja mkombozi, ujuzi wake wa kujiokoa unapungua.

Nafasi ya kuijaribu nadharia hiyo ilikuja mwaka 1960. Tarehe 1 Februari wanafunzi wanne weusi waliketi katika mkahawa wa watu weupe huko Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka. Katika wiki chache vitendo kama hivyo vilienea miji mingi. Baker alitambua kwamba moto huo ungezimika iwapo waliouwasha hawangefahamiana. Alipata kiasi cha dola 800 kutoka SCLC, akaandaa mkutano katika chuo alichosomea, Shaw, mwezi Aprili. Walifika wajumbe wanafunzi zaidi ya 120. Wakubwa wa SCLC walitaka wanafunzi hao wawe tawi la vijana la jumuiya yao. Baker alikataa kuushiriki mpango huo na akatoka katika kikao ulimojadiliwa. Aliwaambia wanafunzi kwamba uamuzi ni wao. Waliunda SNCC, chombo chao wenyewe.

Katika ripoti fupi aliyoichapisha mwaka huo katika gazeti la Southern Patriot, Baker alisisitiza kwamba vijana hao walitafuta jambo kubwa kuliko hamburga, kwamba walitaka kung'oa ubaguzi katika kila upande wa maisha. Alisifu pia mwelekeo wao wa kuwa na uongozi unaotokana na kundi badala ya kundi linalomzunguka kiongozi. Mahali pengine katika historia ya harakati hizi kauli kama hiyo ingeishia katika hotuba. Yeye aliigeuza kuwa utaratibu wa kazi. Katika mikutano ya SNCC iliyokesha, mwanamke huyu wa miaka karibu sitini aliketi pembeni akisikiliza, na aliposema, mara nyingi aliuliza swali. Mnamo Agosti 1961, katika kikao cha Highlander huko Tennessee, kamati ilikuwa ukingoni mwa kupasuka kati ya waliotaka maandamano na waliotaka kuandikisha wapiga kura. Hapo aliingilia kati, akapendekeza ziwepo idara mbili chini ya paa moja. Fundi anayelea mwanagenzi humwachia msumeno. Humshika mkono pale tu kidole kinapokaribia meno yake.

Mississippi: mnyororo wa mafundi

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna Baker alivyofanya kazi hakina hotuba ndani yake. Katika kiangazi cha 1960 Robert Moses, kijana mwalimu wa hisabati kutoka New York, alijitolea kufanya kazi Atlanta. Baker alimtuma Mississippi na orodha ya majina. Majina hayo aliyakusanya katika safari zake za miaka mingi, ya watu ambao hakuna gazeti la kitaifa lililowahi kuwataja. Mmojawapo alikuwa Amzie Moore, mfanyakazi wa posta katika mji mdogo wa Cleveland, Mississippi. Moses alifika akidhani amekuja kuwatafuta vijana wa kuketi mikahawani. Moore alimweleza kwamba hapo tatizo ni kura. Mwaka uliofuata Moses alirudi, na kazi ya kuandikisha wapiga kura ikaanza kama mwenyeji alivyoielekeza.

Agosti 1962 kazi hiyo ilifika Ruleville, ambako mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la pamba, Fannie Lou Hamer, alihudhuria mkutano kanisani na kujitolea kwenda kujiandikisha. Alifukuzwa shambani kwa sababu hiyo. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Agosti 1964, alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic huko Atlantic City akatoa ushahidi, mbele ya kamera za televisheni, wa jinsi alivyopigwa gerezani. Alikwenda huko kama mjumbe wa chama kipya, Mississippi Freedom Democratic Party, ambacho Baker aliendesha ofisi yake ya Washington. Chama hicho kilitolewa viti viwili, kikavikataa.

Mnyororo huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Baker alimjua Moore, akamtuma Moses kwake, na kazi iliyotokana na hapo ikamfikia Hamer. Hakuna pete hata moja iliyokuwa amri. Kila mmoja alipokea ujuzi, akauongezea wake, akaupitisha. Ndiyo maana ushahidi wa Hamer ulikuwa na uzito ambao hakuna mwandishi wa hotuba angeweza kuutunga. Ulikuwa umetoka mahali pale pale palipokuwa na jeraha.

Siku chache kabla ya mkutano wa Atlantic City, mapema mwezi huo wa Agosti, miili ya wanaharakati watatu waliouawa Mississippi ilipatikana. James Chaney alikuwa mweusi. Andrew Goodman na Michael Schwerner walikuwa weupe. Taifa zima lilikuwa limetaharuki, na Baker, akihutubia mkutano wa chama kipya mjini Jackson, alilitazama jambo hilo kwa jicho kali. Alisema kwa maana kwamba hakuna kupumzika mpaka kuuawa kwa wana wa akina mama weusi kuwe na uzito ule ule wa kuuawa kwa wana wa akina mama weupe. Wakati wa msako, miili ya watu weusi wengine waliouawa ilikuwa imeopolewa mitoni bila taifa kutaharuki.

Urithi

Baker alifariki Harlem tarehe 13 Desemba 1986, siku aliyotimiza miaka 83. Hakuacha kitabu. Aliacha barua, ripoti, mahojiano na watu. Bernice Johnson Reagon, aliyekuwa mwimbaji wa SNCC, aliyageuza maneno yake kuwa wimbo, na kwa njia hiyo ya fasihi simulizi kauli ya Jackson ilivuka kizazi. Mwaka 1996 kituo cha haki za binadamu kilianzishwa California kwa jina lake. Wasifu wake ulioandikwa na Joanne Grant ulichapishwa mwaka 1998, na ule wa Barbara Ransby mwaka 2003.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mnamo Juni Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa nguvu sehemu muhimu ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, ile iliyotokana kwa kiasi kikubwa na damu iliyomwagika Kusini. Takriban wiki tatu baadaye mtu aliyempiga risasi na kumuua kijana mweusi Trayvon Martin huko Florida aliachiliwa huru. Wanawake watatu, Alicia Garza, Patrisse Cullors na Opal Tometi, walieneza kauli ya Black Lives Matter, yaani maisha ya watu weusi yana thamani. Msomaji anayeijua hotuba ya Jackson hataacha kusikia mwangwi. Kauli zote mbili zinadai kifo cha mweusi kihesabiwe.

Mwangwi huo ulikuwepo pia katika muundo. Baada ya Michael Brown kuuawa na polisi huko Ferguson mnamo Agosti 2014, waandishi wa habari waliuliza tena na tena kiongozi yuko wapi. Wanaharakati walijibu kwamba harakati yao haikosi viongozi, bali imejaa viongozi. Makundi ya vijana kama BYP100 la Chicago yalijifunga waziwazi na utamaduni wa Baker, na wanawake walisimama mbele kwa namna ambayo wachungaji wa 1958 hawakuiruhusu. George Floyd alipouawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, maandamano yaliyofuata yalikadiriwa kupitia kura za maoni kuwa yalishirikisha watu kati ya milioni 15 na 26. Hakuna mtu mmoja aliyeyaita.

Pingamizi

Hapa ndipo kipimo cha fundi kinapohitajika. Mapema katika miaka ya 1970 mwanazuoni Jo Freeman, akiandika kuhusu harakati za wanawake, alitoa hoja kwamba kundi lisilo na muundo rasmi halikosi wenye mamlaka. Huwaficha tu, na wasioonekana hawawezi kuwajibishwa. Hoja hii hutumiwa mara nyingi dhidi ya urithi wa Baker, na SNCC yenyewe huletwa kama ushahidi. Kufikia mwaka 1966 kamati hiyo ilikuwa imegawanyika vikali, msemaji wake akawa nyota wa televisheni, na baada ya miaka michache haikuwepo.

Historia ya miaka ya karibuni inaipa hoja hiyo uzito. Mnamo Novemba 2020 matawi kumi ya Black Lives Matter yalitoa tamko la hadharani yakilalamika kwamba maamuzi ya taasisi ya kitaifa hayakuwashirikisha na kwamba fedha zake hazikuwa na uwazi wa kutosha. Miezi michache baadaye taasisi hiyo ilitangaza kuwa imepokea zaidi ya dola milioni 90 katika mwaka 2020. Msomaji ataona kwamba malalamiko ya matawi yalikuwa yale yale ya Baker ya mwaka 1946: wanachama wanahesabiwa, lakini hawaamui.

Hata hivyo, hoja ya Freeman haimwangushi Baker, kwa sababu Baker hakuwahi kuhubiri kukosa muundo. Huyu alikuwa mwanamke wa daftari. Alitunza orodha za wanachama, alidai kumbukumbu za vikao, alisisitiza ada ilipwe na hesabu isomwe. Idara mbili za Highlander zilikuwa muundo. Alichokataa ni muundo unaofanya kazi ya kupandisha watu wachache juu na kuwaacha wengine wakipiga makofi. Kuna umbali mkubwa kati ya karakana yenye mafundi wengi na karakana isiyo na fundi, ingawa kwa mpita njia zote mbili zinaonekana kuwa hazina bwana.

Tofauti iliyopo ni ya muda. Kati ya mafunzo ya Rosa Parks na mgomo wa Montgomery ilipita takriban miaka kumi. Orodha aliyopewa Moses ilichukua karibu miaka ishirini kukusanywa. Karne hii imepata vyombo vinavyoweza kuita mamilioni barabarani kwa siku moja, na hilo ni jambo kubwa ambalo Baker angelitamani. Lakini chombo kinachoita hakifundi. Umma unaokusanyika kabla ya kufundwa unaweza kutikisa mji, kisha ukajikuta hauna orodha ya majina wala mtu wa kumtuma kwa Amzie Moore. Haki inawadai waandishi kukiri kwamba yapo makundi ya mitaa, katika miji mingi ya Marekani, yanayofanya kazi hiyo ya polepole bila kamera. Kwa asili ya kazi yenyewe, majina yake hayajulikani sana.

Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili inazijua historia za aina mbili. Ipo ile ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye jamii nzima humzunguka, na siri ya kifo chake ikijulikana, jamii hubaki ukiwa. Ipo pia ile ya Mwana Kupona, mama anayemwita binti yake akae karibu na kuchukua karatasi na wino, ampe ya kubaki nayo. Mausia ya Mwana Kupona ya mwaka 1858 yako mbali sana na mafunzo ya Baker kwa maudhui, na wahakiki wa kike wameyapinga kwa sababu zenye nguvu. Umbo la tukio ndilo linalofanana: mtu mzima anamfunda kijana, akijua kwamba yeye mwenyewe hatakuwepo.

Hatari inayowakabili wanaomuenzi Baker leo ni kumtoa katika historia ya pili na kumtia katika ya kwanza. Picha yake huchorwa ukutani na maneno yake huchapwa kwenye fulana. Hakuna ubaya katika heshima hiyo, ila fundi akigeuzwa sanamu hawezi tena kumpa mtu msumeno. Waliomwita kwa jina la Kiswahili mwaka 1981 walijaribu kuzuia jambo hilo. Walichagua neno ambalo, kwa wanaolizungumza, humfanya mtu aulize kwanza kazi iko wapi na mwanagenzi ni nani. Kila kizazi cha harakati za kupinga ubaguzi wa rangi kitakachomdai Baker kuwa wake kitalazimika kujibu maswali hayo mawili.